UZI: Kutapika kupita kiasi kwenye mimba changa. Maji, chakula, dawa, dripu, na lini ni hospitali

Mkunga wa Zamu

Wakuu, uzi huu ni wa kina mama wenye mimba changa wanaotapika kupita kiasi, pamoja na wale wanaoishi nao nyumba moja. Kabla ya yote nataka jambo moja lishikwe: mama ambaye hata maji hayakai tumboni hadeki, anaumwa. Ugonjwa wake una vipimo, una dawa, na kuna mahali ambapo huduma ya nyumbani inakoma na hospitali inaanza. Maneno ya "vumilia, mimba ndivyo zilivyo" yamefanya wengi wafikishwe wodini wamebebwa, midomo imekauka, mkojo ni kidogo na wa kahawia.

Kichefuchefu cha kawaida huanza wiki ya 4 hadi ya 6 ukihesabu kutoka siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Hupamba moto kati ya wiki ya 8 na ya 12, na kwa wengi hukatika wiki ya 16 hadi 20. Mama wa kundi hili anatapika, lakini kuna saa anakunywa, kuna kitu anakula, na anakojoa kama kawaida.

Kutapika kupita kiasi ni kitu kingine. Huanza kabla ya wiki ya 16, mama hawezi kula wala kunywa kawaida, shughuli za kila siku zinamshinda, mwili unakaukiwa maji na uzito unashuka. Mstari unaotumika mara nyingi ni kupoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wa kabla ya mimba. Mwenye kilo 60 akifika chini ya 57, ameuvuka. Mwenye 50, ni chini ya 47.5. Kwa hiyo mpime uzito mapema, hata kwenye mizani ya famasi, muandike tarehe, kisha rudieni kila wiki kwenye mizani ileile.

Kuna kipimo cha alama kinaitwa PUQE ambacho mtu anaweza kujipigia nyumbani. Ni maswali matatu kuhusu saa 24 zilizopita.

Kichefuchefu kimekaa kwa muda gani? Hakuna kabisa, alama 1. Saa moja au pungufu, 2. Saa mbili hadi tatu, 3. Saa nne hadi sita, 4. Zaidi ya saa sita, 5.

Umetapika mara ngapi? Hakuna, 1. Mara 1 au 2, alama 2. Mara 3 au 4, alama 3. Mara 5 au 6, alama 4. Mara 7 na kuendelea, 5.

Umejikamua mara ngapi bila kitu kutoka? Alama zake ni kama za swali la pili.

Jumlisha. Ukipata 6 au chini, hali ni nafuu. 7 hadi 12 ni ya kati. 13 hadi 15 ni kali. Andika kila jioni saa ileile. Daktari akiona karatasi yenye 8, 11, 13, 14, haulizi tena kama mama "anazidisha".

---

Baba Kijacho

Asante mkunga. Naomba kuuliza, kinachosababisha ni nini hasa? Mtaani wanasema mimba imemkataa mume, wengine wanasema ni mtoto wa kike.

---

Mkunga wa Zamu

Mkuu, mimba haimkatai mtu. Pua ya mama inakuwa kali kupita kawaida, hivyo jasho, manukato, sigara au mafuta ya nywele ya mtu anayelala naye karibu vinamtibua kwanza kuliko vya mtu wa mbali. Ukioga kwa sabuni isiyo na harufu na ukaacha kujipulizia, "kukataliwa" kunapungua sana.

Chanzo: kondo la nyuma linatoa homoni inayoitwa GDF15, nayo inagusa sehemu ya ubongo inayoamuru kutapika. Utafiti uliotoka kwenye jarida la Nature Desemba 2023 ulionyesha kwamba wanawake waliokuwa na kiwango kidogo cha homoni hiyo kabla ya kushika mimba ndio wanaoteseka zaidi, kwa sababu mwili haukuizoea na sasa inapanda ghafla. Wale ambao kwa maumbile yao wanayo nyingi siku zote, kama wenye thalasemia (ugonjwa wa damu wa kurithi), hawatapiki sana. Huo ni mwili unavyofanya kazi. Tabia ya mama haihusiki.

Kuhusu mtoto wa kike, tofauti ipo lakini ni ndogo mno, huwezi kutabiri chochote kwayo. Muhimu zaidi ni mapacha na mimba zabibu (kondo linakua kama vishada vya zabibu badala ya mimba ya kawaida), maana zote mbili hupandisha homoni na kuleta kutapika kukali. Ndiyo sababu kila anayetapika kupita kiasi afanyiwe ultrasaundi mapema. Kama kuna damu inatoka, au tumbo ni kubwa kuliko umri wa mimba, asisubiri tarehe ya kliniki.

---

Jikoni na Lishe

Niingie kwenye maji, maana hapo ndipo nyumba nyingi zinakosea. Mama ametapika, anapewa glasi nzima ya maji, "ameishiwa maji huyo, anywe." Tumbo lililokasirika likijazwa mililita 250 kwa mkupuo linarudisha mililita 250 pamoja na kilichokuwemo.

Fanya hivi. Baada ya kutapika acha tumbo lipumzike dakika 15 hadi 30, kisha anza na kijiko kimoja cha chai (mililita 5) kila dakika moja au mbili. Tumia saa, usikadirie. Kwa mwendo huo anapata mililita 150 hadi 300 kwa saa bila tumbo kushtuka. Vikikaa kwa saa nzima, nenda kijiko cha mezani (mililita 15) kila dakika tano, kisha fundo dogo dogo. Akitapika tena, rudi kwenye kijiko cha chai.

Anywe nini? ORS kwanza, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini. Soma pakiti kabla ya kuchanganya, nyingi ni za lita moja ya maji safi. Kupunguza maji ili "iwe na nguvu" kunaongeza chumvi na kunatapisha zaidi, na kuongeza maji kunaifanya isifanye kazi. Ikikosekana, changanya lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa juu, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, nayo isawazishwe. Baada ya saa 24 mwaga, tengeneza nyingine.

Wengi wanashindwa ladha yake. Ipozeni sana, au igandisheni kwenye vikombe vidogo kisha mama anyonye vipande. Barafu huingia pale ambapo maji ya kawaida hayaingii. Matone machache ya ndimu hayaharibu kitu.

Dafu ni zuri kwa sababu lina potasiamu nyingi, na potasiamu hupungua mtu akitapika sana. Ila sodiamu yake ni ndogo, kwa hiyo dafu peke yake siku nzima halitoshi. Lipokezane na ORS. Soda zina sukari nyingi na chumvi karibu hakuna. Fundo moja la kutuliza mdomo sawa, lakini usizihesabu kama maji ya kurudisha mwilini.

Kazi ya maji utaiona kwenye mkojo: uwe wa manjano hafifu na utoke angalau kila baada ya saa chache.

---

Binti Pwani

Na chakula je? Wali wa nazi hapa nyumbani hata kuusikia jina hataki.

---

Jikoni na Lishe

Dada, msimlazimishe wali wala samaki. Miezi mitatu ya mwanzo mtoto ni mdogo sana na anahitaji kidogo, mama akila kinachokaa inatosha. Lishe kamili itafuata.

Vitu viwili vinatibua tumbo: kuwa tupu, na kujaa. Kwa hiyo ale kila baada ya saa moja hadi mbili, kiasi cha ngumi au pungufu, hata usiku akiamka kwenda chooni. Kabla ya kunyanyuka asubuhi, akiwa bado amelala, atafune biskuti kavu mbili au kipande cha mkate uliochomwa, angoje dakika 15 hadi 20, kisha akae, ndipo asimame. Kuruka kitandani kwa kasi na tumbo tupu ndiko kunakoleta nyongo ya asubuhi.

Kikavu na cha majimaji visiingie pamoja. Weka nafasi ya dakika 20 hadi 30 kati yake. Chai na mkate kwa pamoja, jambo la kawaida kabisa kwetu, kwa mama huyu ni njia ya uhakika ya kurudisha vyote viwili.

Chakula kilichopoa kina harufu ndogo kuliko cha moto. Muhogo wa kuchemsha uliopoa, kiazi kitamu kilichopoa, ndizi mbivu, chapati kavu isiyo na mafuta mengi, bisi zenye chumvi, karanga za kuchemsha, yai lililochemshwa likaiva kabisa na kupoa. Protini kidogo kila mara hutuliza kuliko wanga peke yake, kwa hiyo karanga chache pamoja na muhogo ni bora kuliko muhogo mtupu. Uji wa ulezi mwepesi, uliopoa, wenye ndimu, huwakaa wengi. Uji mzito wa moto wenye siagi na maziwa, ule ambao mama mkwe anauamini, hukaa kwa wachache.

Embe bichi na chumvi, ukwaju, ubuyu: uchachu husaidia wengi, hasa wenye mate mengi. Ila mwenye kiungulia utamchoma, na ule ubuyu wa rangi nyekundu wenye pilipili si wa kula bila kitu tumboni.

Tangawizi ina ushahidi, lakini kwa kichefuchefu cha kiasi. Kiwango kilichopimwa ni kama gramu 1 ya unga kwa siku, robo gramu mara nne. Kwa mbichi, vipande vitatu vinne vyembamba kwenye kikombe cha maji ya moto, mara mbili tatu kwa siku. Mama mwenye PUQE ya 13 kumwambia anywe tangawizi ni kumcheleweshea dawa, na ikiwa tumbo lina vidonda itamchoma bure.

Jiko. Kukaanga vitunguu, dagaa, mafuta yaliyorudiwa, moshi wa mkaa, udi na ubani: atoke kabisa eneo hilo, au mpishi awe mtu mwingine na milango ifunguliwe. Kwenye chumba kimoja cha kupanga, pikeni nje au pikeni wakati amelala.

---

Kipimo Sahihi

Mimi nipo upande wa famasi. Nitaje dawa kwa majina ili mtu ajue cha kuuliza, lakini dozi aiandike mtabibu aliyemwona mama.

Hatua ya kwanza kwenye miongozo mingi ni vitamini B6 (pairidoksini), miligramu 10 hadi 25, mara tatu au nne kwa siku, peke yake au pamoja na doksilamini. Kuna kidonge cha pamoja chenye miligramu 10 za kila moja: kawaida huanza viwili usiku wakati wa kulala, visipotosha huongezwa kimoja asubuhi, kisha kimoja mchana. Jumla isizidi vinne. Dawa hii hufanya kazi ikinywewa kila siku kwa saa zake. Anayekunywa siku akijisikia vibaya tu, haimsaidii.

Onyo moja, nalo ni zito. Mtu anaambiwa "tafuta B6", anauziwa vile vidonge vya mchanganyiko wa B1, B6 na B12 vya ganzi ya miguu. Mara nyingi humo B6 ni miligramu 100 au hata 200 kwa kidonge kimoja. Akinywa vitatu kwa siku kwa wiki kadhaa amevuka mbali kiwango cha kichefuchefu, na B6 nyingi kwa muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu, inaleta ganzi yenyewe. Geuza boksi usome miligramu kabla hujalipa.

Hatua inayofuata ni dawa za kundi la mzio kama promethazini (wengi wanaijua kama Phenergan) au siklizini. Zina usingizi, kwa hiyo mama asiachwe peke yake na jiko la mkaa au mtoto mdogo anayetambaa. Kisha metoklopramidi, ile Plasil: miligramu 10, isizidi mara tatu kwa siku, na isizidi siku tano mfululizo. Ubaya wake ni kwamba kwa baadhi ya watu, hasa mabinti wadogo, inakaza misuli: shingo inapinda, taya linafunga, macho yanapanda juu. Nyumbani wanadhani ni kifafa au mapepo. Ni athari ya dawa. Iachwe na aende hospitali saa hiyo, ipo sindano ya kulegeza. Promethazini nayo inaweza kuleta hilo, ndiyo maana kuziunganisha mbili hizo si uamuzi wa kufanyika dirishani dukani. Ikidungwa mshipani metoklopramidi isukumwe polepole, si chini ya dakika tatu.

Ondansetroni huja pale za mwanzo zikishindwa. Inafanya kazi vizuri lakini inafunga choo sana.

---

Baba Kijacho

Mkuu Kipimo, hiyo ya mwisho nimesikia inapasua mdomo wa mtoto.

---

Kipimo Sahihi

Swali zuri, na jibu lina namba. Kwa kila watoto 10,000, wale wanaozaliwa na mpasuko wa mdomo au kaakaa ni kama 11 mama asipotumia, na kama 14 akitumia katika miezi mitatu ya mwanzo. Ongezeko la 3 kwa 10,000. Mama aelezwe hivyo hivyo, kisha apime na hali yake. Kwa mama anayepoteza kilo kila wiki, kuacha bila tiba nako kuna hatari kwa mtoto: kuzaliwa na uzito mdogo na kuzaliwa kabla ya wakati. Jambo jingine la ondansetroni ni mapigo ya moyo, hasa potasiamu ikiwa chini, kwa hiyo anayetapika sana apimwe damu kwanza.

Hofu ya dawa kwenye mimba ina asili. Thalidomaidi iliuzwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi 1961, ikatumika pia kwa kichefuchefu, na ikazaa watoto wengi wenye viungo vilivyopungua. Tangu hapo kila dawa inaogopwa. Lakini doksilamini na B6 nayo iliondolewa sokoni Marekani mwaka 1983 kwa sababu ya kesi, tafiti zikaonyesha haina kosa, ikaidhinishwa tena mwaka 2013. Katika miaka hiyo 30 kina mama wa huko waliteseka bila dawa ambayo ingewasaidia.

Unywaji wenyewe: chagua saa ambayo kichefuchefu kiko chini, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula, kwa fundo moja la maji. Kidonge kikirudi kila mara, usiongeze vidonge. Omba njia nyingine: ya kuweka njia ya haja kubwa, au sindano.

Na vile vidonge vya madini ya chuma vya kliniki vinatibua tumbo la wengi. Mwambie mkunga, vinaweza kusimamishwa kwa muda. Foliki asidi isisimame. Kama vimeunganishwa kwenye kidonge kimoja, omba foliki ya peke yake.

---

Nesi Wodi ya Wazazi

Naomba niweke la dripu kwa herufi kubwa: MAMA ALIYETAPIKA WIKI MBILI AU TATU ASIANZISHIWE DRIPU YA GLUKOSI KABLA YA VITAMINI B1.

Sababu: akiba ya B1 (thayamini) mwilini ni ya wiki mbili tatu tu. Mama asiyekula ameimaliza. Ukimwaga sukari mshipani, mwili unahitaji B1 kuichoma, unakamua ile kidogo iliyobaki, ubongo unakosa. Hapo mama anachanganyikiwa, macho yanachezacheza au anaona vitu viwili viwili, anayumba akitembea. Hali hiyo inaitwa ugonjwa wa Wernicke, inaweza kuua au kuacha ulemavu wa kumbukumbu, na inazuilika kwa dawa ya bei rahisi.

Watu wanaipenda glukosi kwa sababu "inampa nguvu". Kwenye zahanati na hata majumbani utakuta chupa ya sukari ndiyo ya kwanza kutundikwa. Inayotakiwa kwanza ni dripu ya chumvi, 0.9%, pamoja na potasiamu kulingana na majibu ya damu. Potasiamu huchanganywa kwenye chupa na kutiririka taratibu. Haidungwi moja kwa moja mshipani hata siku moja, inasimamisha moyo. Sodiamu ikiwa imeshuka sana nayo hupandishwa polepole, maana kuipandisha haraka kunaumiza ubongo.

B1 hutolewa kwa sindano, kwa kawaida miligramu 100 kwa siku, au kwa mdomo miligramu 100 mara tatu kwa anayeweza kumeza. Ndugu aliyempeleka mgonjwa anaruhusiwa kuuliza kwa adabu: "Nesi, ameshapata thayamini?" Hakuna atakayechukia.

Jingine ni damu kuganda. Mimba yenyewe inaongeza kuganda, ukaukaji wa maji unaongeza, kulala siku nzima kunaongeza. Aliyelazwa mara nyingi hupewa sindano ya kuzuia. Nyumbani, akunje na kukunjua vifundo vya miguu mara kumi kumi kila saa akiwa macho. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana ghafla, hospitali.

---

Binti Pwani

Kuna kituo walimpima mkojo, wakasema ketoni (kemikali inayotokea mwili ukichoma mafuta kwa kukosa chakula) hakuna hivyo hana shida, arudi nyumbani. Ni sahihi?

---

Nesi Wodi ya Wazazi

Si sahihi kutumia hicho peke yake. Zamani ketoni ilihesabiwa kama kipimo cha ukali. Mwongozo wa Uingereza uliotolewa upya mwaka 2024 umesema wazi kwamba ketoni kwenye mkojo haionyeshi ukavu wa maji wala ukali wa ugonjwa. Mkojo unapimwa kwa ajili ya UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Ukali unaangaliwa kwa PUQE, uzito, mapigo, presha, na damu: sodiamu, potasiamu, figo, ini.

---

Mkunga wa Zamu

Naongezea: si kila kutapika ni mimba. Kwetu huku homa na kutapika ni malaria mpaka kipimo kikatae. Pima, usimeze dawa kwa kukisia. Kuumwa chini ya tumbo upande mmoja, hasa pakiwa na damu au kuzimia, inaweza kuwa mimba nje ya kizazi. Macho ya manjano ni ini. Mwenye kisukari akitapika ni dharura. Na kutapika kunakoanza upya baada ya wiki ya 16 si kichefuchefu cha mimba changa. Baada ya wiki ya 20, kukija na kichwa kuuma, maruweruwe au maumivu juu ya tumbo, pimeni presha siku hiyohiyo, hicho kinaweza kuwa kifafa cha mimba kinakuja.

Wanaotumia ARV: kutapika dozi ni jambo la kupeleka CTC (kliniki ya tiba ya VVU) mapema, wasikae kimya. Na dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu hazinywewi pamoja na dolutegraviri, mojawapo ya ARV hizo, zinaizuia kuingia mwilini. Dolutegraviri itangulie kwa saa mbili, au ifuate baada ya saa sita.

Nyumbani panakoma hapa: hakuna kilichokaa tumboni kwa saa 24, hata maji. Hajakojoa kwa saa 8. Uzito umeshuka asilimia 5. Anazimia akisimama. Damu kwenye matapishi. Homa. Kuchanganyikiwa au kuona viwili viwili. Moja tu kati ya hayo linatosha, msikusanye mawili.

---

Shangazi wa Mbagala

Mate jamani. Anatema kutwa kucha, kopo halitoki mkononi. Na anakula udongo wa pemba, anasema ndiyo inayomtuliza.

---

Jikoni na Lishe

Shangazi, mate yakizidi yanaweza kufika lita moja hadi mbili kwa siku. Kumlazimisha ayameze kunamtapisha, kwa hiyo ateme, kopo liwe na mfuniko na limwagwe mara kwa mara kwa sababu ya harufu. Ila lita aliyotema irudi mwilini kwa ORS, watu hawaihesabu. Kunyonya barafu, kipande cha ndimu, au kutafuna bazoka isiyo na sukari hupunguza. Vidonda vikitokea pembeni mwa mdomo, paka mafuta mazito.

Meno: baada ya kutapika asipige mswaki papo hapo, tindikali imelainisha meno na mswaki utayakwangua. Asukutue kwa maji mengi, angoje nusu saa. Mswaki mdogo wa watoto na dawa kidogo isiyo na povu jingi hupunguza kutapika wakati wa kusafisha.

Pemba, au udongo wowote, hapana. Unazuia madini ya chuma kuingia, unafunga choo, una mayai ya minyoo, na udongo uliopimwa kwenye maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu Kanda ya Ziwa ulikutwa na madini yenye sumu kama arseniki, inayofika kwa mtoto. Hamu ya udongo mara nyingi inaambatana na upungufu wa damu, kwa hiyo badala ya kumfokea, mpelekeni akapimwe wingi wa damu. Mwarobaini na shubiri navyo visiguswe kwenye mimba changa.

---

Binti Pwani

Mwezi wa Ramadhani ukikuta hali hii?

---

Mkunga wa Zamu

Dada, ruhusa ya kutofunga kwa mjamzito anayehofia nafsi yake au mtoto ipo, na namna ya kulipa atamuuliza shehe wake. Kitabibu, mama mwenye PUQE ya kati au kali asikae saa 13 bila maji. Hilo halina mjadala upande wetu.

---

Baba Kijacho

Na kazini? Mwajiri anasema ameshatoa ruhusa za kutosha.

---

Kipimo Sahihi

Mkuu, msiombe ruhusa kwa mdomo, leteni karatasi ya daktari ya kupumzika kazi, ile ED. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa ndani ya mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Hizo ni mbali na siku 84 za uzazi, kwa hiyo asikubali uzazi wake ukatwe. Kenya, sheria ya 2007 inatoa angalau siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu katika miezi 12, baada ya miezi miwili mfululizo kazini. Karatasi iandikwe jina la ugonjwa, "kutapika kupita kiasi katika ujauzito", isiandikwe "ujauzito" peke yake.

---

Nesi Wodi ya Wazazi

Muulizeni pia moyo wake. Mama aliyetapika wiki sita anaweza kufika mahali anataka mimba itoke, au anatamani asiamke. Anaona aibu kusema kwa sababu kila mtu anampongeza. Swali liwe la moja kwa moja, mkiwa wawili: "Umefikia kufikiria kujidhuru?" Akisema ndiyo, asiachwe peke yake na siku hiyo aonwe na daktari. Mara nyingi maji yakirudi na usingizi ukirudi, mawazo hayo hupungua, lakini asiachiwe yaishe yenyewe.

Kazi ya nyumba: mpangieni mtu wa watoto wakubwa, mtu wa kupika na mtu wa kushika saa ya dawa. Huyu wa saa ya dawa ndiye anayesahaulika.

---

Shangazi wa Mbagala

Mimba ijayo itakuwa hivihivi?

---

Mkunga wa Zamu

Uwezekano wa kurudi ni mkubwa, kwa hiyo jiandaeni kabla. Aanze vidonge vya vitamini vya wajawazito, vyenye foliki, angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba, vinapunguza ukali. Ashughulikie kiungulia na vidonda vya tumbo kabla. Akishapata kipimo cha mimba, asisubiri atapike: aende na karatasi za safari iliyopita, azungumze na daktari kuhusu kuanza doksilamini na B6 siku hizohizo za mwanzo. Apime uzito wiki hiyo. Na karatasi hizo ziwe na mambo matatu yaliyoandikwa wazi: dawa iliyomsaidia na kipimo chake, dawa iliyomkaza shingo kama ipo, na wiki aliyopata nafuu.